Sifa za Gari la Kopo

Mchele wa Kyela una wapambe wa kutosha. Kakao yake inasifiwa na madalali, ufukwe wa Matema unasifiwa na wenye hoteli, na vyungu vya Wakisi wa Ikombe vinajisifu vyenyewe kila vinapoteremshwa sokoni. Gari la kopo peke yake halina msemaji. Linasukumwa uchochoroni Ndandalo kwa makelele, linakwaruza visigino vya wapita njia, linachana vidole vya fundi wake, na ndala ya mama ikipotea mguu mmoja, mshukiwa wa kwanza ni lenyewe. Leo nalitetea, tena kwa sifa ambayo hata wanaolipenda hawajawahi kuitaja: hakuna gari dogo duniani linalojua zama zake kama hili.

Tumchukue mtu mzima wa Ndandalo, mstaafu, watoto wameshaondoka na sebule imebaki na nafasi. Anataka kujenga juu ya meza reli ya TAZARA kama ilivyokuwa mwaka 1976, Wachina walipoikabidhi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Reli hiyo haikuwahi kushuka Kyela. Ili aione treni inambidi apande Tukuyu, aendelee mpaka Mbeya, zaidi ya kilomita 100. Kuihamishia sebuleni ni uamuzi wa busara kabisa.

Wenzake wa Ulaya wenye ugonjwa huohuo hupenda kipimo cha moja kwa 87. Kwa kipimo hicho Peugeot 404 inakuwa na urefu wa sentimita tano tu. Nje ya stesheni ya 1976 anahitaji 404 mbili tatu, Land Rover ya serikali, Bedford la mizigo, na yale malori ya Fiat kutoka Italia yaliyokuwa yakisomba shehena za Zambia tangu Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia, Novemba 1965, na njia ya kusini ikaingia mashaka. Akiyakosa hayo, treni yake itapita katika nchi isiyo na wenyewe. Akiweka Noah, amevuruga karne.

Basi na atafute. Vigari vya kipimo hicho vinapatikana Ulaya, vingi vikiwa vya mitaa ya hukohuko, na ukijumlisha nauli na ushuru, mkewe ataanza kuhesabu upya magunia ya mpunga. Madukani Kyela mjini kuna vya plastiki: magari ya mashindano yenye miali ya moto ubavuni, na ya polisi yanayolia hadi betri ife. Hakuna hata moja kati ya hayo lililopanda mlima Kitonga mwaka 1976. (Reli za dukani nazo zina kisa. Ile ya kawaida, yenye upana wa milimita 16.5, kwa kipimo cha moja kwa 87 ni SGR ya leo. TAZARA, yenye milimita 1,067, inataka kama 12. Mstaafu wetu hajanunua hata behewa na tayari yuko kwenye reli ya serikali nyingine.)

Hapo ndipo gari la kopo linapoingia, bila kuitwa.

Litazameni kwa karibu. Bodi ni kopo lililopasuliwa kwa kisu cha jikoni, kingo zikakunjwa kwa jiwe, isipokuwa ile kingo moja ambayo kila fundi huisahau na ndiyo inayochana. Ekseli ni spoku ya baiskeli, na Kyela haijawahi kupungukiwa na baiskeli. Magurudumu yamekatwa kwa wembe kwenye ndala, baada ya kuchorwa kwa kizibo cha soda ili duara litoke sawa, na bado halitoki sawa, ndiyo maana gari linakwenda likichechemea kama lori lililozidishiwa mpunga. Usukani ni mwanzi mrefu unaofika kifuani, juu umefungwa duara la waya. Injini ni mdomo wa dereva. Gia zote zimo humo, na rivasi, na breki za upepo.

Wajuzi watasema halina kipimo. Ni uzushi. Kipimo chake ni kopo. Kampuni ya Lesney ya Uingereza ilipoanza kuuza Matchbox mwaka 1953, gari lilipunguzwa hadi liingie kwenye kisanduku cha kiberiti, na hivyo basi la ghorofa likawa karibu sawa na gari dogo. Dunia ikapiga makofi, na leo watu wazima wanavinunua vile vya zamani kwa mnada. Kijana wa Ndandalo anafanya hilohilo kwa kopo la mafuta, anaambiwa hajui hesabu.

Lakini nimeahidi kusema juu ya zama. Vigari vya dukani vinaigiza mwaka. Gari la kopo limeumbwa na mwaka wenyewe, kwa sababu mtoto huunga takataka za wakati wake. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipokuwa akiwasaka wahujumu uchumi na sabuni ikisubiriwa kwa foleni, kopo tupu halikuwa la kuchezea: lilikuwa kikombe, lilikuwa kipimo cha mchele, lilikuwa kata ya mtungini. Watoto wakapanda magari ya mianzi, mabua na magamba ya mgomba. Akaingia Ikulu Mzee Ruksa mwaka 1985, bidhaa zikarudi, na jalala likanenepa. Leo bodi mara nyingine ni chupa ya maji, magurudumu ni vifuniko vyake, na gari lenyewe mara nyingi ni bajaji. Kwa mstaafu wetu lingefaa hasa kopo la Kimbo, la kiwandani Nairobi: mwaka 1976 mpaka wa Kenya ulikuwa bado wazi, haukufungwa hadi Februari 1977. Ni gari gani la dukani linaloweza kuonyesha cheti cha namna hiyo?

Kuna na kutu. Ulaya watu hununua unga wa rangi na brashi nyembamba, wakakesha wakipaka kutu bandia ili lori lionekane limefanya kazi. Kyela masika hufanya kazi hiyo bure. Liache gari nje Machi, ukaliokote Mei; hakuna fundi wa kuigiza anayefika hapo.

Bei nayo inazungumzika.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hilo gari la mwaka gani?"

"La jana, babu."

"Na unaliuza?"

"Maandazi mawili. Lakini usukani narudi nao."

Kinachobaki ni tatizo dogo la ukubwa, maana gari la sentimita 30 likiegeshwa mbele ya stesheni ya moja kwa 87, abiria wote na mkuu wa stesheni wataenea kwenye buti. Dawa ni kuikuza treni. Tukisema kopo hilo ni basi la mita kumi, basi kila kitu ni moja kwa 33, na reli ya milimita 1,067 inahitaji upana wa milimita 32 mezani, upana ambao waungwana wa Ulaya wanaujua na kuuheshimu tangu zamani. Meza ya sebuleni haitatosha, itabidi reli itoke uani na kuzunguka mgomba. Kichwa cha treni, kile cha dizeli kilichotoka China, kiagizwe kwa fundi yuleyule, kwa dumu na bati. Yeye treni hajaiona, na atakapokileta kikiwa na mwanzi na duara la waya juu, babu akipokee, atoe maandazi manne, na amwonyeshe stesheni ya kwanza iko wapi.