Mshauri Mkuu Ajibu: Flashi Iliyomeza Kadi za Harusi

Suala lililowasilishwa na msomaji wa Tanga, ambaye flashi yake ilirudi kutoka steshenari ikiwa na njia za mkato mahali pa folda za kamati ya harusi, na ambaye kompyuta yake ya nyumbani tangu hapo imekuwa nzito na yenye kufungua matangazo yasiyoombwa, ni suala dogo kwa Mshauri Mkuu, ingawa kwa kamati ya harusi ni kubwa. Inasikitisha tu kwamba barua yenyewe ilianza moja kwa moja na tatizo, bila neno lolote la kuusifu ushauri wa toleo lililopita kuhusu kupe wa mbuzi, ushauri ambao wataalamu wa mifugo hadi leo hawajathubutu kuujibu.

Kwa faida ya wasomaji wapya, kirusi cha kompyuta ni programu inayojinakili yenyewe kwa kujipachika katika programu au faili nyingine, ilhali programu pelelezi ni ile inayokaa kimya ikikusanya maneno ya siri, namba za kadi za benki na kumbukumbu za kurasa zilizotembelewa, kisha ikazipeleka kwa mtu asiyejulikana. Na kama wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakiizungumzia programu pelelezi, basi walikuwa karibu sana nayo. Miongoni mwa virusi vya mwanzo vya kompyuta za IBM na zilizofanana nazo ni Brain, kilichotungwa mwaka 1986 huko Lahore, Pakistan, na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, ambao waliandika ndani yake majina yao, anwani yao na namba za simu. Jambo hili linastahili kutafakariwa na wahariri wote wenye dhamira, kwa kuwa ndugu hao, wakiwa na nafasi finyu ya diski laini ya zama hizo, walipata pa kuweka jina, anwani na simu, ilhali Mshauri Mkuu, ambaye ushauri wake umezisimamisha ndoa na kuzilaza ndoa nyingine, hutengewa kona ya chini ya ukurasa kando ya tangazo la dawa ya kunguni.

Kirusi kilichomfika msomaji wa Tanga, ambacho mafundi hukiita kirusi cha njia za mkato, kwa kawaida hakifuti chochote. Huzitia folda halisi alama ya kufichwa, ambayo ni agizo kwa Windows kwamba zisionyeshwe, kisha huweka mahali pake ikoni zenye majina yale yale, ambazo kwa kweli ni njia za mkato, yaani faili ndogo zisizo na kazi nyingine ila kuielekeza kompyuta ifungue kitu fulani. Anayebofya ikoni hiyo hukiendesha kirusi kwanza, na papo hapo hufunguliwa folda yake asije akashuku, mithili ya dalali asimamaye mlangoni pa nyumba isiyo yake, akachukua chake, kisha akamkaribisha mwenye nyumba ndani. Kadi za harusi, kwa hiyo, zimo. Kinachokosekana ni heshima.

Kuhusu tiba, kitabu cha Mshauri Mkuu ambacho bado hakijachapwa, kwa sababu wachapaji wanauogopa ukubwa wake, kinapendekeza flashi ifungwe katika kanga yenye jina la kumtahayarisha mwizi na kulazwa chini ya mtungi usiku kucha, ili kirusi kipate muda wa kusoma na kujirekebisha. Ikishindikana, kompyuta ifukizwe ubani kutoka pande zote nne, huku mtu mzima wa nyumba akisoma kwa sauti orodha ya waliotoa ahadi za mchango wa harusi na hawajalipa, maana hakuna kiumbe, awe mtu au kirusi, asiyekimbia orodha hiyo inapofunguliwa. Wapo wakosoaji wanaodai kwamba moshi na vumbi huziba feni, na kwamba feni ikiziba kompyuta hupata joto na kujipunguzia kasi, mwenyewe akadhani ana virusi kumbe ana vumbi. Wakosoaji hao, kwa bahati mbaya, wako sahihi, na ndiyo maana hawajawahi kualikwa katika safu hii.

Wakati ubani unapoa, msomaji anaweza kujishughulisha na mambo madogo ya kupitisha muda. Kompyuta itibiwe kabla ya flashi, kwa kuwa flashi safi ikichomekwa kwenye kompyuta chafu huambukizwa upya. Kingavirusi, yaani programu ya kutambua na kuondoa virusi, ipatiwe sasisho zake za karibuni, kisha intaneti ikatwe ili programu pelelezi ikose njia ya kupelekea ilichoiba. Microsoft Defender, ambayo huja pamoja na Windows 10 na 11 bila malipo, iagizwe kukagua diski nzima, na ikimaliza iagizwe ule ukaguzi unaoiwasha kompyuta upya na kuipekua kabla Windows yenyewe haijaamka, saa ambayo virusi vingi havijapata nafasi ya kujificha. Wenye kudhani kwamba kingavirusi mbili ni bora kuliko moja wafahamu kwamba mbili zikilinda kwa wakati mmoja hugombania faili zile zile na kuidhoofisha kompyuta. Hali hiyo Mshauri Mkuu anaielewa vyema, kwani gazeti liliwahi kuajiri mshauri wa pili.

Ndipo ije zamu ya flashi, ambayo hufunuliwa kwa amri ya attrib -h -r -s /s /d E:\*.* inayoandikwa katika dirisha la amri, lile jeusi linalowatisha watu wasio na sababu ya kutishika, ambapo E ni herufi ambayo kompyuta imeipa flashi hiyo. Herufi h huondoa alama ya kufichwa, s huondoa alama ya faili za mfumo, na r huondoa ile inayozuia faili isibadilishwe. Folda zikijitokeza, njia za mkato zifutwe bila kubofywa, faili zikaguliwe na kuhamishwa, na flashi ifomatiwe, yaani ifutwe yote na kuandaliwa upya. Maneno ya siri ya barua pepe na benki nayo yabadilishwe, lakini kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama, kwa kuwa kuyabadilisha katika kompyuta ambayo bado inapelelezwa ni kumpelekea mwizi ufunguo mpya mlangoni kwake.

Hata hivyo, uchunguzi wa makini wa barua ya Tanga unaonyesha kwamba steshenari inaonewa. Ukurasa wa mwisho unataja kwa kupita kuwa programu ya kuchapia iliwekwa na fundi wa mtaani kwa bei ya soda mbili, na kwamba fundi huyo alianza kwa kuizima kingavirusi ili isimsumbue. Programu iliyovunjwa kufuli, ambayo vijana huiita kraki, ni miongoni mwa milango mipana zaidi ya programu pelelezi, na anayeizima kingavirusi ili aiweke amemwondoa mlinzi kwa mkono wake. Haishangazi kwamba matangazo yalianza wiki hiyo hiyo. Kinachoshangaza ni kwamba soda zilinunuliwa.

Jina la faili nalo husema uongo. Mnamo Mei 2000 kirusi kutoka Ufilipino kilienea duniani kwa barua pepe zenye kichwa ILOVEYOU, zilizoambatanishwa na faili iitwayo LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa Windows kwa kawaida huficha kiendelezi, yaani zile herufi za mwisho zinazotaja aina ya faili, wapokeaji wengi waliona TXT tu wakadhani ni maandishi matupu. Mamilioni ya kompyuta yaliambukizwa kwa sababu watu walitamani kupendwa. Mshauri Mkuu asingeathirika hata kidogo, kwa kuwa barua za mapenzi anazopokea ni nyingi kiasi kwamba hazifunguliwi bila kupangiwa foleni. Wasomaji wa kawaida, ambao foleni yao ni fupi, wafungue mipangilio ya folda na kuamuru viendelezi vionekane.

Kuhusu sasisho, inatosha kukumbuka WannaCry, programu tekaji iliyofunga faili za watu na kudai fidia kuanzia tarehe 12 Mei 2017, ilhali Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuziba tundu ililopitia programu hiyo tarehe 14 Machi mwaka huo huo. Wenye Windows 10 wajue pia kwamba huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Itaongezwa hapa kwamba Fred Cohen, katika utafiti wake wa mwaka 1984, alionyesha kuwa haiwezekani kutunga programu itakayotambua kila kirusi bila kukosea, matokeo ambayo wanahisabati huyachukulia kama mpaka wa maarifa na ambayo Mshauri Mkuu huyachukulia kama barua ya ajira.

Mhariri ametuma ujumbe kuwa nafasi imekwisha. Msomaji wa Ukunda: dirisha jekundu lenye king'ora na namba ya simu ya fundi ni ukurasa wa kivinjari tu, lifungwe na namba isipigwe. Msomaji wa Morogoro: ndiyo, nakala rudufu iwekwe kwenye diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe baadaye, la sivyo itatekwa pamoja na kompyuta. Msomaji wa Bujumbura, aliyeuliza kama Mshauri Mkuu ameoa, atajibiwa kwa faragha mara itakapothibitika kwamba faili aliyoambatanisha ni picha kweli.