Shukrani za Katindiuka kwa Nafuu Ambayo Haikufika

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: KUSHUKURU KWA KUTODEKEZWA WAKATI WA KORONA

Mheshimiwa,

Asasi zisizotengeneza faida za Katindiuka, kata iliyomo ndani ya mji wa Ifakara, zimechelewa kuandika kwa sababu zilikuwa zinajaza ritani. Zinashukuru kwamba miaka yote ya Korona, Hazina haikuzidekeza.

Wenzao wa Marekani walidekezwa mno. Machi 2020 Bunge la huko lilipitisha sheria ya CARES, na ndani yake mlikuwa na nafuu ya kodi ya mishahara kwa mwajiri ambaye shughuli zake zilisimamishwa na amri ya serikali, au mapato yake yaliporomoka, na bado akaendelea kuwalipa watu wake. Asasi za hisani zilikuwamo, na makanisa pia. Kwa mwaka 2020 kiwango cha juu kilikuwa dola 5,000 kwa mfanyakazi mmoja. Mwaka 2021 kikawa dola 7,000 kwa kila robo mwaka, kwa robo tatu. Nafuu ikizidi kodi inayodaiwa, mwajiri anarudishiwa tofauti.

Kilichofuata kinajulikana. Vishoka walijaa redioni na kwenye simu wakimhakikishia kila mwenye mhuri kwamba anastahili, hadi Septemba 2023 mamlaka ya kodi ya huko, IRS, ikaacha kushughulikia madai mapya. Tanzania imeepuka fedheha hiyo. Hakuna kishoka aliyeipiga Hazina hata senti kwa madai ya namna hiyo, kwa kuwa hapakuwa na dirisha la kupeleka madai. Mbinu hii ya kudhibiti udanganyifu ingefaa ifundishwe Washington.

Mheshimiwa asidhani watu wa bonde hili la Kilombero hawana fadhila. Julai 2020 kiwango cha mshahara kisichotozwa kodi kilipandishwa kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa asasi anayelipwa 500,000, akishakatwa asilimia 10 ya NSSF, alikuwa akitozwa PAYE ya shilingi 35,100. Ikashuka hadi 16,200. Hilo ni jambo zuri, na aliyelipata ni yeye mfanyakazi, kama inavyopasa. Ila alilipata pamoja na kila mwajiriwa nchini, awe wa benki au wa kiwanda cha bia, na lingempata hata kama Wuhan isingesikika.

Mwajiri yeye alibaki na mzigo wa SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi.

Hebu tazama meza ya mhasibu wa asasi moja ya mfano: feni inayozunguka umeme ukiwepo, faili la risiti lililovimba kwa unyevu wa masika, na kalenda ambayo tarehe saba imezungushiwa wino mwekundu. Asasi ina wafanyakazi 12, wote kwa wastani huo wa 500,000. Mradi wake ni wa klabu za afya shuleni. Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufunga shule, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi 29 Juni. Kwa maneno mengine, kazi ilisimamishwa kwa amri ya serikali, sharti lile lile la Wamarekani. Mfadhili wa Ulaya naye, akiwa amejifungia kwake, akaandika barua pepe ya pole ndefu kuliko ruzuku yake. Mhasibu akaisoma, akafungua jedwali la mishahara, akazidisha milioni sita kwa asilimia 4.5 ya SDL. Shilingi 270,000. Janga likiendelea kiwango kilishuka hadi asilimia 4, na hesabu ikawa 240,000. Angechelewesha ritani, faini kwa taasisi ilikuwa haipungui pointi 15 za fedha, kila pointi 15,000: jumla 225,000. Yaani kuchelewa kulikaribia kugharimu sawa na kulipa, jambo linaloonyesha usawa wa hali ya juu.

Wataalamu wa Hazina watajibu kwamba sheria inazisamehe SDL asasi za hisani. Ni kweli. Tatizo ni kwamba cheti cha Msajili wa NGO hakimfanyi mtu kuwa wa hisani mbele ya TRA. Inahitajika hati ya Kamishna, chini ya kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, ya kuthibitisha kwamba asasi ipo kwa ajili ya kupunguza umaskini, kuendeleza elimu, afya ya jamii na kadhalika. Bila hati hiyo, anayechimba kisima cha kijiji na anayeuza maji ya chupa ni ndugu.

Ila kipo kifungu ambacho asasi hizi hukisoma kwa mshangao. Bajeti ya Juni 2020, iliyosomwa na Dkt. Philip Mpango, iliruhusu michango iliyotolewa kwa Serikali kupambana na Korona ikatwe kwenye mapato yanayotozwa kodi, mpaka Serikali itakapotangaza kuwa ugonjwa umekwisha. Siku chache kabla ya hotuba hiyo, Rais John Magufuli alikuwa amewaambia waumini kanisani Dodoma kwamba Mungu ameiondoa Korona. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimekoma kitambo, zikisomeka 509. Ni nadra msamaha wa kodi kuzaliwa ukiwa tayari marehemu. Na aliyelengwa alikuwa yule anayeichangia Serikali. Aliyegawa ndoo, sabuni na barakoa huko vijijini aliendelea kukatwa kwa utaratibu wa kawaida.

Nafuu yenyewe inawezekana, na Ifakara imeiona kwa macho. Bajeti ya 2021, ya Dkt. Mwigulu Nchemba, ilizisamehe SDL hospitali zinazomilikiwa na taasisi za dini, na mji huu unayo moja, ya Mtakatifu Fransisko. Bajeti hiyo hiyo ilipandisha idadi ya waajiriwa inayomwingiza mwajiri kwenye SDL kutoka 4 hadi 10. Nafuu, basi, ilifika mpaka getini pa hospitali, ikawapitia wenye watu tisa, ikageuza bila kumfikia mwenye watu 12. Huenda ushauri ulikuwa awapunguze watatu, katika mwaka ambao wenzake duniani walilipwa ili wasimpunguze hata mmoja.

Ombi, Mheshimiwa, ni fupi. Muswada wa fedha ujao uwe na kifungu kinachosema kwamba Serikali ikisimamisha shughuli kwa sababu ya janga, iwe ni maradhi au mafuriko ambayo bonde hili linayajua, asasi isiyo ya faida inayoendelea kulipa mishahara isitozwe SDL kwa miezi hiyo, na faini za ritani zisimame. TRA nayo ipewe ukomo wa siku za kujibu maombi ya hati ya hisani. Kifungu hicho kiandikwe sasa wakati hakuna anayekohoa.

Asasi za Katindiuka,
Ifakara.

Nakala: Msajili wa NGO, Dodoma – kwa taarifa.