Ni 1300 Tu, Mzee!

Mtume! Hebu sogea kidogo kwenye benchi, ndugu yangu, chukua na kashata, maana haya hayasimuliwi mtu akiwa wima.

Kijana wetu wa duka la simu, yule ambaye juzi tu alikuwa anakopa vocha, kaingiza gari. Nilidhani ataleta la kubebea mchele na watoto, kumbe wapi. Mazda RX-8, nyekundu, imelala chini utadhani inatafuta shilingi iliyodondoka. Tukamuuliza kiutu uzima: mwanetu, hiki kitu mafuta utakiweza? Akacheka, akachomoa karatasi za bandarini, akatuwekea kidole pale pale: "Ni 1300 tu, mzee! Sawa na Vitz ya mama."

Loh! Karatasi haikusema uongo. Imeandikwa 1308, na ndizo zilizomo. Ila karatasi haisemi yote, ndugu yangu. Hata cheti cha ndoa hakiandikwi kama mtu anakoroma.

Sasa nipe sikio. Injini ya gari lako na langu ina pistoni zinapanda na kushuka kama mchi kinuni. Hii haina pistoni. Vali nazo haina. Chukua sambusa mbili zilizonona mbavuni, kila moja itie kwenye nyumba yake yenye umbo la ganda la karanga, kisha zizungushe. Basi, ndiyo injini hiyo. Wazo ni la Mjerumani, Felix Wankel, lakini waliolibeba miaka nenda rudi ni Wajapani wa Mazda kule Hiroshima. Kila sambusa ina pande tatu, na kila upande una shughuli yake: huyu anavuta hewa na mafuta, yule anachoma, mwenzao anatoa moshi, wote kwa wakati mmoja, hakuna wa kupumzika. Ndiyo maana hizo 1308 zinakula sahani isiyo ya umri wake. Wajapani wenyewe wameshalijua hilo: kwao kodi ya gari ya kila mwaka, ukubwa wa injini ya namna hii unazidishwa mara 1.5 kwanza, ndipo hesabu ipigwe. Serikali ya watu ilikataa kudanganywa na karatasi. Wa kwetu sisi kaipiga busu.

Kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, lita moja inamsogeza kilomita 6, akijikaza 7. Vitz ya mama inakwenda mara mbili ya hapo, na buti limejaa mkaa. Siku hizi kijana anaweka mafuta ya elfu kumi, anaondoka kinyonge, na anarudi sheli kabla mhudumu hajaisahau sura yake.

Na oili sijaigusa! Gari lingine likila oili mwenyewe anashika kichwa. Hili limeumbwa lile: linajinyunyizia kidogo kidogo mle mle ndani ya moto, ili ncha za sambusa zisikwanguane na ukuta. Hizo ncha zimetoa watu jasho wewe! Miaka ya 1960 Mazda walikusanya mainjinia 47 chini ya Kenichi Yamamoto, na kila wakiiendesha injini, wakiifungua wanakuta ukuta wa ndani umechanwa michirizi. Wakaiita kucha za shetani. Wallahi si maneno yangu, ni ya hao hao wenye shahada. Wakahangaika nazo mpaka 1967 wakatoa Cosmo Sport, na mwaka 1991 wakaenda Le Mans, Ufaransa, na gari la sambusa nne, 787B. Saa 24 mbio tupu, wakashinda, Wajapani wa kwanza kulichukua kombe lile. Johnny Herbert aliyemalizia usukani alitoka mle hoi bin taaban, hata jukwaani hakupanda. Yaani hata ukishinda nalo, sherehe wanakula wenzako.

Lakini tusimwonee mtu, urembo linao. Boneti imefura katikati kwa umbo la ile ile sambusa, na ukiingia ndani unaikuta tena imechorwa kwenye vichwa vya viti. Mbele ya dereva, saa kubwa ya katikati ni ya mizunguko ya injini, inakwenda mpaka huko kwenye 9000. Mwendo wa gari umebanwa humo humo kwa tarakimu ndogo, kama jambo la pembeni. Mshale ukikaribia juu linapiga kengele: bip, badili gia! Injini yenyewe ndogo, imesukumwa nyuma ya ekseli ya mbele, uzito ukagawanyika nusu kwa nusu, na kwenye kona gari linafuata usukani kama mtoto aliyesikia harufu ya pilau.

Haya, niambie wewe: 9000 ya wapi, hapa Magomeni? Kijana anaifikisha gari likiwa limesimama mbele ya banda la chipsi. Gia anazo sita, lakini kuanzia ya nne nadhani bado ziko kwenye nailoni. Na tuta likitokea! Anapunguza, analikata kimshazari, anatoa kichwa dirishani kusikiliza tumbo la gari, kisha anawaomba abiria wateremke. Wanavuka tuta kwa miguu, wanapanda ng'ambo. Watu wazima hao, na suti.

Sasa milango. Usinicheke, kahawa itanipalia. Milango ni minne, ila ya nyuma inafunguka kinyume, bawaba ziko nyuma, na haifunguki asilani mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Nguzo ya katikati hakuna. Vioo vya nyuma navyo havishuki. Idi pili kijana kamchukua mama mkwe mtarajiwa, kamketisha nyuma na baibui lake, hotipoti ya biriani mapajani. Mchumba yuko mbele. Wamefika hapa, kijana kaona wenzake, kashuka, kafunga mlango, gumzo. Binti naye kashuka kupokea simu, kafunga wa kwake. Bi mkubwa kabaki peke yake ndani ya mtungi. Anasukuma mlango, wapi. Anapapasa, wapi. Akaanza kugonga kioo kwa pete. Sisi huku benchini tukaona mama anatusalimia, heshima iliyoje! Tukampungia wote, "Idi mubaraka, mama!" Akazidi kugonga, nasi tukazidi kupunga. Hiyo ndoa sijui imefikia wapi, na mimi siulizi.

Juzi ndiyo kaniacha hoi. Asubuhi na mapema kaliwasha, kalisogeza hatua sita kumpisha mwenye bajaji, akalizima. Ndugu yangu, wenye kulijua gari hili wanaimba kila siku: ukiliwasha likiwa baridi, liache lipate moto ndipo uzime, la sivyo mafuta yanabaki yameroweka plagi. Kijana kaambiwa, kajibu mbona Vitz haina masharti hayo. Basi, kurudi kuliwasha, likamgomea. Fundi kaja, kafungua boneti, katafuta silinda ziko wapi, kazunguka mbele, kazunguka ubavuni, kafunga boneti taratibu kama anayefunika maiti, kaomba maji ya kunywa.

Tukashuka benchini kusukuma, wazee saba na vijana wawili, kulirudisha kivulini. Kila kijana akizungusha swichi, yule dada wa Kijapani anayekaa kwenye dashibodi anaamka na sauti yake ya asali. Unamjua, yumo kwenye nusu ya magari ya mji huu: anadai kadi ya kulipia barabara za kwao huko Japani, kila uchao, hakati tamaa. Tunasukuma, anadai. Tunapumzika, anadai.

Kijana, jasho linamtiririka, kageuka: "Hivi wazee, huyu mwanamke anasemaje?"

Muuza kahawa hakuinua hata kichwa kwenye birika lake.

"Anasema ni 1300 tu."