Sifa za Pointi za Distribyuta

Watu husifu injini, husifu rangi, husifu hata mlio wa ekzosi. Pointi za distribyuta hazina msifu, ingawa ndizo zinazoamua kama Peugeot 404 ya mzee itaamka leo au la. Acha nizisifu mimi.

Kwanza uchapakazi. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 6,000, yaani mara 100 kwa sekunde, na kila zikifunguka koili hurusha moto wa maelfu ya volti kwenye plagi. Mtumishi gani wa serikali angeikubali kazi hiyo bila posho? Zenyewe huliwa kimyakimya. Kisigino kinachosugua kamu kinakwisha, mwanya wa 0.4 mm unapungua, taimingi inarudi nyuma, gari linabugia petroli na kuzembea mlimani. Mwenyewe anadhani limezeeka tu.

Pili, zinaleta watu pamoja. Gari likizimika barabarani, fundi hupiga pointi msasa, hupima mwanya kwa fila geji (asipokuwa nayo, kwa gamba la pakiti ya sigara), kisha hulegeza kibano cha distribyuta. Balbu ndogo waya mmoja kwenye pointi, mwingine kwenye bodi; swichi imewashwa; anazungusha distribyuta kwa ncha za vidole, taratibu, hadi balbu iwake. Hapo ndipo pointi zinapofunguka. Wakati huo wapita njia wote wamekwisha kuwa wahandisi. Mmoja anasema kabureta. Mwingine, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, anasema ni gasketi.

Tatu, zinafundisha jiografia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo fundi wa huko huisogeza taimingi mbele kidogo na gari likapata nguvu. Literemshe Mombasa. Hewa imejaa, joto limezidi, na kila ukikanyaga mafuta injini inagonga kama mdai mlangoni. Abiria watailaumu petroli ya Pwani. Wapwani, kwa haki kabisa, watamlaumu fundi wa bara.

Na heshima je? Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Madereva walipewa vikombe. Pointi zilipewa msasa.

Najua wapo wanaozing'oa na kuweka moduli ya kielektroniki isiyo na cha kusugua wala cha kurekebisha. Jirani yangu amefanya hivyo. Gari lake sasa linawaka mara moja kila asubuhi, na anaondoka kabla yeyote hajamuuliza hali.