Mshenga Asiyeguswa

Watakwimu wa R wana kifurushi kiitwacho Rcpp. Unaandika fanksheni kwa C++, unaiwekea juu alama ya [[Rcpp::export]], unaita compileAttributes(), na papo hapo zinazaliwa faili mbili: RcppExports.cpp na RcppExports.R. Humo mmejaa fanksheni zisizokokotoa hata wastani. Kazi yao ni ushenga tu, kupeleka maneno upande wa pili na kurudi na jibu. Juu kabisa pameandikwa onyo: usihariri kwa mkono. Basi yuko bingwa wetu, kusoma anajua (ndivyo alivyoandika kwenye barua ya kuomba kazi), kakesha humo akinyoosha mistari na kupamba maelezo. Asubuhi mwenzake kaita compileAttributes() tena, na faili zikaandikwa upya. Kompyuta haikumgombeza, wala haikuuliza ni nani aliyekesha.