Barua ya Wazi kwa Wenyeviti Wasiopenda Kusumbua Watu

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti wa Kamati za Bunge la Marekani

YAH: PONGEZI KWA UCHUNGUZI USIOMUUMIZA MTU

Mabunge mengine yangali yanahangaika na viapo na mashahidi wanaotoka jasho. Nyinyi mmewaachia wenzenu wa upande wa wachache wachunguze kwa barua, na kwa hilo nawapongeza. Mei 2025 Seneta Richard Blumenthal, kiongozi wa upande wa wachache katika Kamati Ndogo ya Kudumu ya Uchunguzi ya Seneti, aliiandikia World Liberty Financial, kampuni ya kripto yenye mkono wa familia ya Rais Donald Trump na ya mjumbe wake Steve Witkoff, akiomba nyaraka. Alichoweza ni kuomba tu. Kamati yenyewe ikitaka karatasi hutoa hati ya wito, na Steve Bannon, mshauri wa zamani wa Trump aliyeipuuza hati ya namna hiyo, alitumikia kifungo cha miezi 4 mwaka 2024. Seneta wa upande wa wachache akitaka karatasi hizohizo, hutafuta bahasha. Hata barua ya posa huenda na kishika uchumba. Hii ilikwenda mikono mitupu.

Wala kilichoulizwa si umbea. Mwanzoni mwa mwezi huohuo, jukwaani Dubai, Zach Witkoff, mtoto wa mjumbe huyo, alitangaza kwamba MGX, kampuni ya uwekezaji ya Abu Dhabi, ingeingiza dola bilioni 2 katika soko la kripto la Binance kwa kutumia USD1, sarafu ya World Liberty. Sarafu hiyo hufanya kazi hivi: mteja huacha dola moja kwa mtoaji, hupewa sarafu moja, na haambulii riba. Mtoaji huzipeleka dola kwenye hati za muda mfupi za deni la serikali, riba akabaki nayo yeye. Kwa riba ya asilimia 4, dola bilioni 2 huzaa milioni 80 kwa mwaka bila mtu kushika jembe. Oktoba 2025 Rais akamsamehe Changpeng Zhao, mwanzilishi wa Binance, aliyekiri kosa mahakamani mwaka 2023. Huenda mambo haya mawili hayajuani hata kwa salamu. Basi mwenye kulijua hilo aseme akiwa chini ya kiapo.

Mtaniambia Ikulu imekwisha kujibu: mali za Rais ziko kwenye amana inayosimamiwa na wanawe. Ni kweli, ila aliyejibu ni msemaji, si shahidi, na amana hiyo haimnyimi mwenyewe chakula. Tamko la mali la Rais la Juni 2025 lilionyesha zaidi ya dola milioni 57 zilizotokana na mauzo ya tokeni za World Liberty. Mtaniambia pia kwamba mmeshatunga sheria ya sarafu hizi, na kwamba Rais aliisaini Julai 2025. Sheria hiyo inapanga akiba ya kesho itunzwe wapi. Haituambii nani alimpigia nani simu jana.

Pingamizi mnalolipenda zaidi ni kwamba Blumenthal anafanya siasa. Anafanya, tena kwa raha zake, lakini daftari la benki halibadilishi tarakimu kwa sababu aliyeliomba ana kinyongo. Hilo mlilijua vizuri mwaka 2023, pale mwenyekiti mwenzenu James Comer, wa chama chenu cha Republican, alipozitumia benki hati za wito, akapata kumbukumbu za miamala ya Hunter Biden, mtoto wa Rais wa wakati huo, na washirika wake. Hunter alipokataa kuhojiwa faragha, kamati mbili zilipiga kura ashtakiwe kwa kulidharau Bunge, na Februari 2024 akaja mwenyewe kuketi mbele ya wahoji. Mlifanya sawa: mtoto wa Rais anayefanya biashara na wageni anapaswa kuulizwa. Sikujua tu kwamba mtoto wa jirani ndiye mshukiwa na wa nyumbani ni mjasiriamali.

Ombi langu ni hati moja tu ya wito, ya makubaliano ya MGX na World Liberty na mawasiliano yaliyoyatangulia. Mkiona ni usumbufu, nijibuni kwa barua, mkipata nafasi. Hakuna atakayewaapisha.