Mtaro wa Mabingwa

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024. Mitaro yake, inaonekana, haikupata barua. Basi watoto wameipatia kazi: mbio za kuruka viunzi na maji. Kiunzi ni tairi kuukuu, kidimbwi ni mtaro wenyewe, na anayetumbukia huadhibiwa mara mbili: kwanza na wenzake, kisha na mama yake.

Tusiwacheke. Kipchoge Keino, ambaye uwanja wa hapa mjini una jina lake, alitwaa dhahabu ya mbio hizo Munich mwaka 1972, wala hakuwa amezizoea. Tangu 1968 wanaume wetu waliibeba dhahabu hiyo katika kila Olimpiki tuliyoshiriki, hadi Soufiane El Bakkali wa Moroko alipotupokonya Tokyo mwaka 2021.

Kwa hiyo, waheshimiwa, mtuwie radhi. Tulidhani mmeisahau mitaro, kumbe mnalea vipaji! Tena mvua hujaza kidimbwi bure, bila zabuni wala kamati. Ombi letu ni moja tu: siku mtakapokuja kukata utepe, acheni magari barabarani, mje kwa kuruka.